Koti Nililolipima kwa Boga

Wapo watu hapa Mazwi ambao mpaka leo tukipeana amani kanisani hunyoosha mkono, wanaugusa wangu kidogo, kisha wanajifuta kwenye nguo huku wakinitazama kwa jicho la pembeni. Siwalaumu. Jambo lenyewe lilikuwa la aibu na lilitokea mbele ya parokia nzima, na nimeona ni heri nilisimulie mimi mwenyewe, maana likisimuliwa na wengine huongezwa chumvi, wakati lenyewe chumvi linayo ya kutosha, kama mtakavyoona.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na marobota ya mitumba yakaanza kushuka Sumbawanga kama mvua. Mama yetu alikuwa fundi cherehani. Alipofariki, akimfuata baba, niliacha shule nikiwa darasa la sita nikakalia kiti chake, kwa sababu mimi ndiye wa kwanza, na wadogo zangu watatu, Leokadia, Fideli na Kasiano, hawakuwa na mwingine wa kumtazama. Tulienda hivyo hivyo, gauni moja leo, sare ya shule kesho, tukala. Halafu kijana mmoja anayeitwa Sikitu akatandika turubai lake la mitumba karibu na kibaraza changu, akawa anauza gauni zima kwa bei ambayo mimi nilikuwa nanunulia kitambaa na uzi tu, na wateja wangu wakahamia kwake mmoja mmoja, wakinisalimia vizuri sana wanapopita.

Baba mdogo, anayelima kijijini Kate, akapata habari. Alikuja akakaa, akanywa chai, akasema bila ukali wowote, "Gaudensia, nyumba hii imekushinda. Fideli ataenda kwa shangazi yenu Namanyere, Leokadia na Kasiano nitawachukua mimi, wewe tutakutafutia pa kukaa, na cherehani tutaiuza."

Nikamwambia, "Baba mdogo, nipe nafasi kidogo. Nina kazi mpya nataka kuitoa, watu wataigombania."

Akanitazama. "Haya. Nitarudi Jumapili ya wiki ijayo niione hiyo kazi. Lakini watoto uwafungashie kabisa."

Ukweli ni kwamba sikuwa na kazi mpya yoyote wakati nasema hivyo. Nililala nayo, nikaamka nayo. Mnaijua baridi ya kwetu inapofika mwezi wa sita, upepo ule wa uwandani unaokata masikio, na kina mama wanatoka alfajiri na watoto mgongoni wakienda shambani au sokoni. Nikasema, hapo ndipo pa kumshinda Sikitu: nitashona koti zito la mama lenye mfuko mgongoni, mtoto anaingia humo, kichwa tu kinabaki nje begani, na ndani naweka bitana ya nailoni ili mvua isipite. Mbeleko ya kanga ikapumzike.

Msidhani sikuuliza watu. Niliuliza sana. Nilizunguka Mazwi nzima, kila mama mwenye mtoto mgongoni nikamsimamisha. "Shikamoo mama. Nikikushonea koti lenye mfuko wa mtoto, la kuzuia mvua na upepo, utalipenda?" Na kila mmoja alinijibu kwa moyo. "Nitalipenda sana, mwanangu." "Una akili kama marehemu mama yako." Mmoja hata alitokwa na machozi.

Sasa fikirini, huku kwetu ni nani atakayemtazama usoni yatima mwenye wadogo watatu amwambie wazo lake ni baya? Watu wetu hata ukiwapikia ugali mbichi watasema wameshiba. Mimi nilikusanya huruma, nikaipeleka nyumbani nikidhani ni wateja.

Nikashona. Mbele sikuacha mpasuo, upepo usiingie; vifungo niliviweka nyuma, safu nzima kutoka shingoni hadi kiunoni, uzi mara mbili, matundu yamebana, maana niliogopa mtoto asije akaanguka. Bitana niliikata kipande kimoja kutoka mfukoni hadi kwenye mkono wa koti, bila mshono katikati, kwa sababu mshono hupitisha maji (kumbukeni hilo). Kupima, Leokadia alivaa, na mfukoni tukatia boga. Lilikuwa boga zuri, zito kama mtoto wa miezi kadhaa. Akatembea nalo uani, akainama, akachota maji, akafagia. Boga halikutikisika. Nikalisifu koti, na nadhani nililisifu na boga pia.

Leokadia akasema, "Dada, si tumpe Mama Bosko alivae kwao kwanza, hata siku moja tu?"

Mama Bosko alikuwa jirani yetu, mwenye mtoto wa kiume aliyenenepa vizuri, na ndiye aliyekuwa amekubali kulivaa kanisani. Nikamjibu Leokadia, "Akilivaa kwao, watu wataliona kabla ya Jumapili. Nataka waone wote kwa pamoja." Hilo ndilo neno dogo lililoniponza. Waliona wote kwa pamoja.

Jumapili baba mdogo alifika mapema. Nilikuwa nimepanga kila kitu: yeye nilimketisha upande wa wanaume ukingoni kabisa mwa njia ya katikati, Mama Bosko upande wa wanawake, ukingoni vilevile, wakitazamana, ili koti alione misa nzima. Mimi mwenyewe nikaenda mbele kwenye kwaya, nawatazama wote wawili kama mtu aliyetega ndege.

Mwanzo ulikuwa wa kupendeza. Mama Bosko aliingia, vichwa vikageuka, mnong'ono ukapita. Baba mdogo alilitazama koti juu mpaka chini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi sauti yangu ikapanda kiasi kwamba mwalimu wa kwaya akanikazia macho.

Padre alipoanza mahubiri, Bosko akaanza kulalamika. Kila mmoja wenu anajua mama hufanya nini hapo. Anaizungusha mbeleko, mtoto anahamia mbele, ananyonya, anatulia, na hakuna aliyeona kitu. Mama Bosko akashika koti azungushe. Koti halizunguki. Koti lina mikono. Akajaribu kupeleka mkono nyuma afungue vifungo, hakuvifikia. Akanitazama kule kwenye kwaya, mimi nikamtabasamia, nikidhani ananishukuru.

Alimtikisa, akamwimbia chinichini, akamgeuzia shingo ampulizie usoni. Bosko akapandisha kilio. Tukafika kwenye mageuzo, padre anapoinua hostia, pale ambapo kanisa zima hunyamaza hata kikohozi watu wanakimeza, na Bosko peke yake ndiye aliyekuwa akisema. Bibi mmoja nyuma yake akanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi altareni, "Mnyonyeshe mtoto, mama!"

"Siwezi, yumo ndani!"

"Ndani ya nini?"

Halafu Bosko akanyamaza ghafla. Mimi nilishukuru Mungu. Mama Bosko hakushukuru, maana alikuwa anajua sababu za mtoto kunyamaza ghafla. Kanga ingelowa, yeye angehisi, angembadilisha. Lakini bitana yangu haikuruhusu tone kupita, kama nilivyoahidi, na yale maji yalikaa mfukoni yakisubiri njia. Njia ilikuwapo moja tu, ile niliyoiacha bila mshono.

Padre akasema, "Peaneni amani."

Baba mdogo, kwa sababu alikuwa amependezwa na koti, alivuka njia ya katikati mwenyewe, akanyoosha mkono kwa heshima zote. Mama Bosko akainama kwa adabu, akashusha mkono wake kumpa. Nadhani mmeshaelewa. Kilichotoka kwenye ule mkono wa koti hakikuwa matone. Kilimlowesha baba mdogo kiganja, saa, na mkono wa shati aliloliazima kwa ajili ya safari.

"Amani ya Bwana," alisema Mama Bosko, kwa kuwa alikuwa ameshaanza.

Baba mdogo alibaki ameunyanyua mkono kama mtu anayeapa.

Nilitoka kwenye kwaya nikikimbia, nikapiga magoti nyuma ya Mama Bosko nianze kufungua. Vifungo vilikataa. Sufu ya koti ilikuwa imelowa kwa mate na machozi ya Bosko, na matundu yamekaza zaidi. Bosko akaanza upya, sasa kwa hasira. Kina mama wakatuzunguka, wakaacha Kiswahili wakashika Kifipa, na mkiona kina mama wa kwetu wameshika Kifipa kanisani jueni mambo yameharibika. Tukamsukuma Mama Bosko mpaka nje, mimi nimeng'ang'ania mgongoni kwake kama mtoto wa pili.

Nje ya uzio alikuwapo nani? Sikitu, na turubai lake la Jumapili, na kile kisu chake cha kufungulia marobota.

"Gaude, mambo?" akasema. "Naona nawe umeanza kufunga mizigo."

"Leta kisu, acha maneno."

"Nikate wapi, fundi?"

"Popote."

Akapitisha kisu mgongoni taratibu, kwa uangalifu kwa kweli, na koti langu likafunguka kama robota, na Sikitu akatangaza, "Leo mzigo wa daraja la kwanza! Mtoto mzima, hana hata kasoro!" Misa haikuwa imekwisha, lakini watu walikuwa wametufuata nje, wakacheka mpaka wengine wakajishika kwenye ukuta. Wadogo zangu walisimama pembeni. Kasiano alikuwa ndiye pekee asiyecheka, ameshika kifurushi chake cha nguo (nilikuwa nimewafungashia, kama nilivyoagizwa), akiangalia kama safari imefika.

Bosko alikuwa mzima, ila amelowa na miguu imekuwa ya baridi kama samaki. Mama yake hata hakuniuliza. Alichukua sweta ya mtoto kwenye rundo la Sikitu, akaigeuza juu chini, akamwingiza miguu kwenye mikono ya sweta, kiwiliwili cha sweta akakikunjia kiunoni, akamtia kwenye kanga ya jirani na kumnyonyesha. Vyote hivyo kwa muda ambao mimi sikuwa nimemaliza kusema samahani.

Nikamuuliza, "Mama Bosko, asubuhi huwa unamfunikaje miguu?"

"Soksi za baba yake. Zinaanguka njiani. Wiki hii nimepoteza nyingine."

"Mimi namfunga kitambaa," akasema mwenzake.

"Kitambaa hakikai," akadakia mwingine. "Mgongoni mtoto ana joto, shida ni miguu inayoning'inia. Wa kwangu ilimpasuka."

Walisema kwa kuingiliana, wakinionyesha kwa mikono, na hakuna aliyekuwa ananihurumia tena. Baada ya lile koti huruma ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimezunguka Mazwi nzima nikiuliza watapenda nini, na hakuna hata mmoja niliyemuuliza alifanyaje asubuhi ile.

Nikamtuma Leokadia mkasi nyumbani, nikakata mikono ya sweta moja kuukuu ya Sikitu, nikapitisha kamba kwa juu ya kuunganisha miguu miwili, zikawa soksi ndefu zisizodondoka. Baba mdogo akasogea, mkono bado ameutenga na mwili, akawauliza, "Haya, kina mama, hiki mnakipenda?"

"Kizuri sana!" wakaitikia wote.

"Baba mdogo," nikasema, "usiwaulize hivyo, watakudanganya kama walivyonidanganya mimi." Nikawageukia. "Nani ataninunulia sweta hapa kwa Sikitu sasa hivi, aniachie nimkatie?"

Waliokuwa wakisifu zaidi ndio walioondoka kwanza. Kisha Mama Bosko akaokota sweta nyingine akaitupa begani kwangu. Yule wa kitambaa akaleta ya kwake. Na yule bibi aliyepiga kelele kwenye mageuzo akaleta moja ya mjukuu, akisema, "Usiniwekee vifungo."

Baba mdogo hakuwasikiliza, alizitazama zile sweta begani kwangu. Akamtazama Kasiano na kifurushi chake. "Kirudishe nyumbani," akamwambia. "Nitakuja tena tukimaliza kuvuna." Kisha akaniambia mimi, "Na wewe niletee maji ninawe."

Alikuja, akakuta tupo. Amekuja miaka mingi baadaye, na bado tupo, na Sikitu ndiye anayeniuzia sweta. Nina mafundi wenzangu siku hizi, na kabla hatujatia mkasi kwenye kitambaa kipya lazima mmoja wetu aende kukaa na mteja asubuhi nzima, si kuuza, ni kutazama tu na kuuliza jana ulifanyaje, na cha kwanza tunachoshona kinavaliwa nyumbani kwa mtu, mlango umefungwa, pasipo kwaya. Wanaponiona mkali kwa hilo hunong'onezana neno moja, "Boga", na kazi inaendelea.

Boga lenyewe tulilipika jioni ile ya Jumapili, tukala na baba mdogo kabla hajalala. Lilikuwa tamu. Halikulia, halikulowesha mtu, na hata wakati naliingiza chunguni halikuwa na neno baya la kusema juu ya kazi yangu.