Sungura Wawili na Jani la Yangambi

Siku yangu ya kwanza maabarani, Chef, mkuu wetu, alinikabidhi frigo kabla hata sijajua choo kiko wapi. "Lofemba, kama courant iko nakatika, weye kimbia kuwasha groupe," akasema, akionyesha jenereta uani. "Hii kachupa isipate moto."

Ndani ya kachupa mlikuwa na kingamwili, protini iliyotolewa katika damu ya sungura. Hiyo yetu ilinasa kimeng'enya kimoja tu, kile kinachopeleka habari ya uvimbe ndani ya seli, tena kikiwa macho tu, yaani kikifanya kazi. Unaimwaga juu ya utando wenye protini za seli: kimeng'enya kikiwa macho, mstari mweusi unatokea, kikilala, hakuna kitu. Mpaka hapo nilielewa.

Miaka ikapita, akaja Mademoiselle Béa, mwanafunzi wa udaktari, na jani ambalo akina mama wa Yangambi huchemshia viungo vilivyovimba. Alitaka kujua kama linakilaza kimeng'enya hicho. Seli bila jani: mstari. Seli zenye jani: utando mweupe! Tulirudia, ikawa vilevile. Akampelekea fundi kitambaa cha liputa ashonewe nguo ya kutetea thèse yake ya udaktari.

Kachupa kakaisha. Kakaja kengine, jina lilelile, na seli zenye jani zikatoa mstari mweusi tii. Frigo haikuwa imezimika, hilo naapa. Tulirudia mpaka nikachukia kazi. Chef akawauliza waliotuuzia, wakajibu kwamba sungura wa kwanza alikufa. Huyu ni mwingine, na kila sungura hutoa kingamwili yake.

"Donc sungura gani iko nasema kweli?" Béa aliuliza, machozi yakimlengalenga.

"Mi sijue, ma fille," Chef akamjibu. "Pengine wa kwanza haoni muzuri, pengine huyu anaona hata kitu haiko. Andika yote mbili."

Akaandika yote mawili. Siku ya kujitetea alivaa liputa yake mpya, na maprofesa wakamuuliza kama jani linafanya kazi. Akasema hajui. Walimpa shahada, lakini makofi yalikuwa machache, na mimi niliumia.

Sasa nimestaafu na goti limevimba. Mke wangu hunichemshia jani lilelile. Asubuhi nyingine natembea mpaka sokoni. Nyingine sinyanyuki kitandani.

Juzi Béa, ambaye leo ndiye Chef, alikuja kunisalimia. "Papa Lofemba, ile majani iko nasaidia?"

"Inategemea unauliza sungura gani."

Alicheka sana. Kisha akaendelea kunitazama, akisubiri jibu lenyewe. Nikamsimulia asubuhi zote mbili, ya sokoni na ya kitandani.