Yatima Mwenye Mama

Mama yangu alinizuia mlangoni. Lori la pamba lilikuwa limenishusha njia panda, nikatembea mpaka kwetu Mugeta na furushi kichwani, na yule mwanamke aliyenizaa akajaa kwenye mlango, mkono mmoja mwimo huu, mkono wa pili mwimo ule, akasema, "Ishia hapo hapo."

Nikadhani kuna mgonjwa. Nikauliza nani anaumwa.

"Hakuna anayeumwa. Kaa pale kwenye kihenge. Usiguse mtu mpaka nimalize."

Binti yangu alikuwa amesimama nyuma yake. Miezi minane sikuwa nimemwona. Alikuwa amerefuka, miguu imetoka kwenye gauni, kichwa kimenyolewa hakina hata unywele. Nikamwita. Akamtazama bibi yake kwanza. Hakuja.

Nikakaa chini ya kihenge cha mtama kama mgeni aliyekuja kuomba chumvi. Mama akakimbizana na kuku uani, kanga inamdondoka, akamkamata, akamchinja njiani, kati yangu na nyumba. Akachovya kidole kwenye damu akanipaka kwenye vidole vya miguu. Kisha akasema, "Sasa pita."

Kwa wazee wetu, mtu aliyetajwa kuwa amekufa naye yu hai, siku akirudi hapiti mlangoni hivi hivi. Ataingia na kile kifo alichopewa, kimrudie yeye au kimpate mwingine humo ndani. Mama yangu ni mtu wa kanisa, ana sare ya akina mama na kitabu cha nyimbo kilichofunikwa gazeti, lakini hilo halijamtoka. Mimi nilijua maana ya kuku. Nisichojua ni nani aliyenitaja.

"Nani amesema nimekufa?"

"Mimi," akasema, akaanza kunyonyoa.

Mtoto nilimpeleka kwake miaka ya foleni. Nilikuwa nimepanga chumba Iringo, Musoma mjini. Sabuni tulikuwa tunakatiwa vipande kwa kisu, unga ni ule wa njano wa msaada, na huo nao uupange foleni toka alfajiri. Baba yake alipunguzwa kazi akaenda kwenye dhahabu, na mpaka leo dhahabu hajaileta wala yeye mwenyewe hajajileta. Kwa bibi kulikuwa na mihogo na maziwa. Nikasema mwaka mmoja tu. Ikawa mitatu. Halafu mambo yakafunguliwa, mitumba ikaruhusiwa, nikapata meza sokoni. Safari hii nilikuwa nimekuja kumchukua mwanangu. Ndani ya furushi kulikuwa na gauni lake la safari na viatu vyeusi vya kamba, nilivyovificha wateja wasivione.

Mama alinieleza huku manyoya yakimganda mikononi. Shule ya pale ilikuwa imepata wafadhili wa Ulaya. Wamejenga darasa, wanaleta madaftari, uji unapikwa kila siku. Kila mtoto aliye kwenye orodha anapata mtu wake wa huko anayemlipia, na akifaulu darasa la saba watampeleka sekondari ya bweni, kila kitu juu yao. Ila wanachukua yatima tu.

"Mwalimu akaniuliza, mama yake yuko wapi. Ningefanyaje? Nikasema alikufa. Nikaenda nyumbani sikula siku mbili."

"Na nywele?"

"Siku ya picha nilimnyoa, na zikiota namnyoa tena. Mtoto wa marehemu na minywele, nani ataamini?"

"Mama, Wazungu wanajua nini mambo ya kunyoa?"

"Mwalimu anajua."

Nikamwambia nimekuja kumchukua. Akaacha kunyonyoa. "Umchukue ukamsomeshe na nini? Na mitumba?"

Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne enzi ambazo serikali ilikuwa inanilipia mpaka nauli ya kwenda shule. Sasa tunaambiwa tuchangie. Kabla sekondari haijampokea mtoto, wanataka ada, godoro, sanduku, jembe, na mzazi mwenye uso wa kuomba apewe muda. Hilo bibi yake alilijua, na ndilo lililoniuma.

Kesho yake nikaenda na mwanangu shuleni. Nilitaka kumwona huyo mwalimu aliyenizika. Kumbe ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Uwanja umefagiliwa mpaka umebaki na mistari ya fagio. Darasa la wafadhili lilikuwa na bati jipya na madirisha ya vioo. Yale mengine yalikuwa ya tope, na watoto humo wanakalia matofali. Mtoto wangu alikuwa amevaa vile viatu. Anatembea anaviangalia.

Mwalimu mkuu akatoka ofisini, mtu mwembamba, suti ya Kaunda imepigwa pasi ya mkaa mpaka inang'aa. Hata salamu hakuanza nayo.

"Vua hivyo viatu, wewe. Uko kwenye orodha."

Mwanangu akainama akavua, haraka, bila kununa, akavitia nyuma ya mlango wa ofisi. Alikuwa ameshazoea kuambiwa avue vitu.

"Mwalimu," nikasema, "mimi ndiye marehemu."

Akatazama kulia na kushoto. "Dada, tuongee taratibu. Fomu inataka yatima. Nikiandika baba ametoroka, mama anauza mitumba Musoma, watasema huyo ana mama."

"Si anaye?"

"Sasa hilo ndilo tatizo."

Ningemzaba kibao. Akaniwahi, akanyoosha kidole kwenye pipa la uji, ambako mwanamke mmoja mnene alikuwa anakoroga kwa mwiko mrefu. "Yule naye watoto wake wawili wako kwenye orodha. Mwulize alikufa lini."

Yule mama alisikia. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Marehemu mwenzangu, karibu! Shika mwiko, huku ahera kuna kazi nyingi!"

Na mimi nikacheka. Mpaka leo najilaumu kwa kile kicheko. Nilikuja na hasira yangu nzima, nikaimegua pale kwenye pipa.

Wageni wakafika, watatu, na vumbi lao. Dereva akaleta habari kwamba mchungaji wa Bunda ambaye huwatafsiria amelala na malaria. Mwalimu mkuu akabadilika rangi. Kiingereza alikuwa anakisoma na kukifundisha, lakini cha wale alikuwa hakishiki, eti kinapitia puani. Akanifuata nilipokaa, sauti yote imemwisha.

"Dada, wewe umemaliza kidato cha nne. Anakujaga mchungaji, leo hayupo. Tusaidie."

Nikakubali upesi sana. Yeye alidhani ni wema. Mimi nilikuwa nimeshaona mlango: nitasimama mbele yao, na kwa Kiingereza nilichofundishwa kwa kodi ya nchi hii nitawaambia, mama yake ni mimi, tazameni, napumua.

Nikatafsiri hotuba ya mwalimu. Nikatafsiri shukrani za kamati. Kisha watoto wa orodha wakaitwa wasome barua zao, na wangu akawa wa kwanza, peku, karatasi kaishika kwa mikono miwili.

"Mimi ni mtoto yatima," akasoma, akanyamaza, akanitazama.

Walikuwa wamemfundisha kumsubiri mtafsiri. Kila mwisho wa sentensi alikuwa anainua macho, anangoja. Hakuwa na aibu wala hakuwa ananidanganya. Alikuwa ananiomba. Mtoto wa darasa la nne alikuwa amesimama pale na bweni lake, na vitabu vyake, na maisha yake yote mkononi mwangu, naye alijua kwamba naweza kuvimwaga.

Nikasema. Kwa Kiingereza nikasema, yeye ni yatima.

"Mama yangu alikufa nilipokuwa mdogo."

Neno la Kiingereza la kufa ni fupi sana. Linatoka kabla hujalizuia.

"Alikuwa ananipenda."

Nalo nikalitafsiri.

"Sasa ninyi ndio mama yangu na baba yangu."

Hapo nikakwama. Mwalimu mkuu akakohoa. Yule mama wa uji alikuwa ameacha kukoroga. Mwanangu akarudia ile sentensi, polepole zaidi, kama vile shida yangu ilikuwa ni kutokusikia. Nikaisema yote.

Katika wale wageni kulikuwa na mama mtu mzima, shingo imeungua jua, ndiye aliyekuwa anamlipia binti yangu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alikuwa amebeba penseli kwenye mfuko wa kitambaa, amezichonga moja moja kwa mkono wake toka huko kwao. Alilia. Machozi ya kweli, kamasi na vyote. Akampakata mwanangu mbele yangu, akampapasa kile kichwa cha upara, kisha akanigeukia akaniuliza kama nilimfahamu mama yake.

"Ndiyo. Tulisoma wote."

Akauliza alikuwa mtu wa namna gani.

"Mkali," nikasema. "Lakini alikuwa anajitahidi."

Akasema angependa kuliona kaburi, aweke maua. Mwalimu mkuu, ambaye siku nzima hakuwa ameshika neno, hilo alilishika. Akafunga macho kabisa. Kwetu makaburi yako uani, na ua la mama yangu lilikuwa linaonekana pale pale ukisimama kwenye ngazi ya darasa.

Uongo ule wa kwanza niliandikiwa na wenzangu. Huu wa pili niliutunga mwenyewe, bila kupepesa. Nikamwambia kwamba kwetu mwanamke aliyeolewa hazikwi kwao, anazikwa kwa mumewe, na kwa mumewe ni mbali, gari halifiki. Yule mama akatikisa kichwa kwa heshima, akaandika kwenye kijitabu chake. Alifurahi kujifunza mila yetu. Na ni mila yetu kweli.

Walipoondoka, mwalimu akanishika mkono kwa mikono miwili. "Dada, umetuokoa." Nikamwambia mkono wangu una matumizi mengine, auachie.

Tukarudi nyumbani mimi na mwanangu. Alikuwa amepewa biskuti, akanimegea nusu.

"Mama, ulitafsiri vizuri."

"Nilikuja kukuchukua. Ulijua?"

"Bibi aliniambia." Akatembea kidogo. "Nikienda Musoma, mwalimu ataandika nini?"

"Ataandika umehama."

"Na wale wakiuliza nimehama na nani?"

Nina cheti cha kidato cha nne. Nimegombana na mabwana afya wa soko, nimegombana na mwenye nyumba, nimegombana na askari waliotaka kunipokonya mabelo yangu ya mitumba. Nikatafuna biskuti ya wafadhili.

Siku ya pili yake nikaondoka peke yangu. Alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba la bibi yake, barabarani hakutoka. Akasema gari la wageni lilikuwa bado liko Bunda, linaweza kupita. Sikumlazimisha. Nilisimama kungoja lori, na kila nilipogeuka alikuwa bado yuko kwenye mihogo, kichwa chake tu ndicho kinaonekana, hapungi mkono.

Huu ni mwaka wa pili. Mama yangu anasema wa kulaumiwa ni umaskini. Mimi umaskini siujui sura. Namjua mwalimu, namjua mama yangu, najijua mimi, na yuko mtu fulani huko Ulaya aliyekaa mezani akapanga kwamba mtoto wa kusaidiwa ni yule asiye na mama, asijue kwamba huku tutampunguzia mtoto hicho alichonacho ili afanane na karatasi yake.

Nikitaka kwenda Mugeta natanguliza ujumbe kuuliza kama kuna wageni. Mtoto anafanya vizuri. Kiingereza amenikaribia. Huniandikia kila muhula, na kwa kuwa barua zinapitia sanduku la shule na mwalimu wa zamu huzifungua, huwa anaanza, "Mpendwa mama mdogo, shikamoo." Nami namjibu, "Mwanangu," kwa sababu kwetu mama mdogo naye humwita hivyo mtoto wa dada yake, na hakuna mwalimu atakayeona kosa.