Sekunde Kumi na Moja za Mama Mdogo

Katika kituo chetu cha redio kila mtu ana kitu anachokichukia. Mhariri anachukia kuchelewa. Mimi nachukia wageni wa studioni wanaonong'ona. Fundi mitambo wetu anachukia pumzi. Mtu akivuta hewa kabla ya kujibu, akikohoa, akisema "aaa" au "yaani", fundi anakata. Ana miaka kumi na tisa anakata, ndiyo maana tunamwita Mkasi, na jina alilopewa na wazazi wake nadhani hata mkewe hulikumbuka kwa kubahatisha.

Ni mtu mwenye raha zake. Anaingia saa moja asubuhi, anapangusa meza ya mitambo kwa kitambaa kilichokuwa fulana ya bintiye, anavaa hedifoni zake zenye sponji iliyochanika, na dunia inaishia hapo. Diwani akitoka mikononi mwake husikika ana akili kuliko alivyoingia. Hata mimi, nakiri. Nimekuwa mtangazaji tangu nimalize shule, ulimi wangu hauna breki, na bila Mkasi vipindi vyangu vingekuwa soko la asubuhi.

Mwaka ule mji ulishikwa na homa ya tramu, treni ndogo ya mjini. Baraza la jiji lilitaka kutandika reli katikati ya barabara kuu, kutoka kituo cha treni hadi mitaa ya mlimani ambako watu hawana usafiri wa kueleweka. Wenye maduka ya barabara ile wakasema ikichimbwa miaka miwili wateja watahama na hawatarudi. Watu walibishana kwa kinyozi, kwenye foleni ya benki, kwenye ngazi za hospitali. Sisi tukaandaa wiki nzima ya maoni, na Jumamosi mdahalo. Mhariri akaweka sheria moja tu: kila upande upate sekunde sawasawa. Alijivika shingoni saa ya kupimia wakimbiaji, na wiki nzima hakuivua.

Jumatatu mwandishi wetu aliumwa jino, Mkasi akatumwa mtaani na kinasa sauti. Alifurahi kama amepewa likizo. Kwenye barabara ile mama yake mdogo ana duka la kushona mapazia, na ndiye aliyemlea tangu darasa la pili. Alianza mlango wa jirani, kwa fundi viatu. "Tramu ije isije?" Fundi viatu akajibu swali halijaisha: "Isije!" Mkasi akasogea kwa mama mdogo, akamwuliza vilevile.

Mama mdogo alisimamisha cherehani. Akatazama nje. Zikapita sekunde kumi na moja. Najua, kwa sababu baadaye nilizisikiliza mara nyingi. Kisha akasema, "Ije."

Kituoni Mkasi alifanya anachofanya siku zote. Kimya kile alikitoa chote, safi, bila kovu. Jumanne asubuhi mji mzima ukasikia: Tramu ije isije? Ije! Ungedhani mama wa watu alijibanza nyuma ya mlango akisubiri kuulizwa.

Basi, ikawa balaa. Wenye maduka walikuwa wamekaa kikao wiki iliyotangulia wakakubaliana kupinga kwa sauti moja. Mama mdogo alihudhuria, hakusema kitu, wakachukulia kwamba amekubali. Sasa wakampa mgongo. Hao wengine angewavumilia. Lakini fundi viatu alikuwa amekunywa naye chai ya saa nne miaka ishirini na miwili, na siku ile alikunywa peke yake, mlango ameurudishia.

Jumatano Mkasi alipita kumwona.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba." Hakuinua macho kwenye kitambaa. "Mwanangu, mimi nilisema ije?"

"Ulisema, mama."

"Basi hukunisingizia. Lakini si nilikawia?"

"Ulikawia. Nilikata."

"Kwa nini?"

Miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kumwuliza Mkasi kwa nini.

"Lile neno nililisema kwa ajili ya mji," alisema mama mdogo. "Kule kukawia kulikuwa kwa ajili ya jirani yangu. Mji umeupa chake. Cha jirani umekitupa."

Mkasi alirudi kituoni hana rangi. Nilimtania kidogo, nikaona hatanii, nikaacha. "Dada, nimemharibia," aliniambia. "Mtu aliyenifunga kamba za viatu!" Heri yake, Mkasi hukata lakini hafuti, sauti nzima ilikuwapo. Tukaenda kwa mhariri, yeye mbele, mimi nyuma, maana kwa kusema nasaidia.

"Unataka nirushe kimya?" mhariri aliuliza. "Redioni? Kimya kingi kina mshindo, bwana, na mshindo wenyewe utakuwa mlango wa mkurugenzi. Halafu, mtambo je?"

Tuna mtambo ambao hewa ikikaa kimya sekunde nane, hudhani sisi sote tumezimia na kupiga muziki wenyewe.

"Nitauzima," alisema Mkasi. "Nitausimamia mwenyewe mpaka tumalize."

"Na watu watafikiri tumeharibikiwa."

"Tumeharibu, mhariri. Mimi ndiye niliyeharibu."

Mhariri akaishika ile saa yake shingoni. Nilijua sasa tumefika penyewe. "Haya. Nijibuni hili moja. Hizi sekunde kumi na moja niziandike za nani? Za wanaotaka tramu au za wasioitaka?"

Mimi, ambaye nyumbani wanasema hata usingizini sinyamazi, nilimgeukia Mkasi. Naye akajikuna shingo.

"Gawa nusu kwa nusu," akasema. "Muda wote ule alikuwa pande zote mbili."

Mhariri alimtazama, akaitazama saa, akachukua kalamu. Tano na nusu huku, tano na nusu kule. "Nusu sekunde sijawahi kuiandika maishani mwangu," alinung'unika, lakini aliandika.

Alhamisi saa nne nikasema hewani: "Jumanne tulikurushieni jibu la mama mmoja tukiwa tumelikata. Lilikuwa kosa letu. Leo lisikilizeni lote." Swali likasikika. Cherehani ikapunguza, ikasimama. Pikipiki ikapita mbali. Mtu akatembea nje na ndara zake. Mama mdogo akavuta pumzi kana kwamba atasema, hakusema. Nilijiziba mdomo kwa mkono, jamani, nilidhani nitapasuka. Kumi na moja ni nyingi. Asiyeamini anyamaze mbele ya wageni aone. Kisha: "Ije." Sauti ileile ya Jumanne, na sasa ilikuwa nzito mpaka mhariri akasahau kubonyeza saa yake.

Simu tatu zikapigwa kuuliza kama mitambo imekufa. Ya nne mpigaji alipumua tu, akakata. Nadhani alikuwa anatutania.

Jioni Mkasi aliniambia anapita dukani, nikamsindikiza. Mambo kama hayo siyaachi yanipite. Tulikuwa hata hatujaketi fundi viatu aliposimama mlangoni, gundi imemkaukia vidoleni.

"Nilidhani betri imeisha," alimwambia mama mdogo. "Nikaitikisa redio. Hivi ulikuwa unawaza nini muda wote ule?"

"Nilikuwa napita mlango kwa mlango. Huyu atahimili kuchimbwa kwa barabara, huyu hatahimili. Nikafika kwako, nikakwama."

"Na bado ukasema ije."

"Nikasema. Wale wa mlimani nawaona dirishani wakishuka kwa miguu kila siku, wengine na watoto mgongoni. Na wewe nakuona. Ningefanyaje, jirani?"

Fundi viatu alimgeukia Mkasi. "Na mimi ulinikata wapi?"

"Wewe sikukata kitu, mzee. Hukuvuta hata pumzi."

Mzee alibandua gundi kidole kimoja, akabandua cha pili. "Niulize tena," akasema.

Kinasa sauti kilibaki kwenye mkoba. Mkasi akasimama mbele yake, mikono chini. "Tramu ije isije?"

Fundi viatu akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama barabara mpaka kule inakopinda kupanda mlimani, ambako watu walikuwa wanarudi makwao na mizigo yao kichwani. Akatazama duka lake. Akamtazama mama mdogo. Nilianza kuhesabu, ugonjwa wa mhariri umeniambukiza, nikapita kumi na tano, hesabu ikanipotea. Mkasi hakumharakisha. Alikuwa anasikiliza, na furaha ilimjaa usoni hata nikamwonea wivu.

"Isije," alisema fundi viatu, polepole.

Mama mdogo akaitikia kwa kichwa. "Haya, jirani. Sasa nimekusikia." Akaondoa vitambaa kwenye kiti cha pili ili mzee akae.