Kitenge cha Mwanamke wa Misigiri

Tuliokaa kwenye benchi la kliniki asubuhi ile tulikuwa wanne: binti mjamzito aliyekuwa anatafuna udongo, mama mkwe wake aliyetoka naye Misigiri, mwanamke kijana mwenye mtoto mgongoni, na mimi. Chumbani alikuwepo daktari. Wadogo zangu hawakuwepo. Sikuwa nimewaambia.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla sijamaliza darasa la tano. Miezi yake ya mwisho mama alikuwa anatupa shuka, jasho linamtoka, anashika kifua na kusema moyo unamkimbia. Hakupelekwa hospitali. Baada ya maziko niliacha shule, nikashika jembe, na wadogo zangu wote wakasoma kunizidi. Waliolewa, wakaoa, wakahama. Mimi nilibaki kwenye nyumba ya wazazi, upande wa Kinyangiri.

Kwetu mambo ya mwili wa mwanamke mama humwambia binti yake wakati wanapepeta uwele. Macho yanakuwa kwenye ungo, hakuna anayemtazama mwenzake, na maneno yanapita. Mama alinieleza mwanzo wa safari hiyo. Mwisho wake hakuwahi kunieleza, kwa sababu nilikuwa mtoto, na yeye mwenyewe hakuufikia.

Kwa hiyo joto liliponianza, likipanda kutoka kifuani hadi masikioni, nilisema ni malaria. Nilimeza dawa. Likarudi, nikameza tena. Nilipopimwa kidole pale zahanati wakasema malaria sina. Halafu siku moja nikiwa napura alizeti, moyo ukaanza kukimbia, nikakaa chini kwenye makapi. Hapo nikaamini kwamba ugonjwa wa mama umenifikia.

Sikulia. Nilianza kugawa vitu. Plau nilimpa mdogo wangu wa kiume. Sufuria kubwa la shughuli nikampa anayenifuata. Mbuzi nikawagawia waliobaki.

"Dada siku hizi mkono umefunguka," mdogo wangu alisema huku anafunga plau kwenye baiskeli. "Au umepata mchumba anakuhamisha?"

"Nimepata," nikamjibu.

Alicheka mpaka akaondoka. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nimekuwa mtoaji tangu wakiwa wadogo, na mtoaji akitoa hakuna la kushangaza. Kilichobaki kilikuwa kujua tu kama nina muda wa kumaliza kuvuna. Ndiyo maana nilipanda basi kwenda mjini, kwa daktari wa akina mama.

Nilimwamkia yule mama wa Misigiri nilipokaa.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Umemsindikiza nani?"

"Nimejisindikiza."

"Basi una nafuu. Mimi nimemsindikiza huyu, anamaliza ukuta wa nyumba kwa kutafuna."

"Mama, jamani," mkwewe akasema, akificha kipande cha udongo kwenye kiganja.

Nilikuwa bado natafakari lile neno mwanangu. Ni muda mrefu sana tangu mtu aniite hivyo. Mimi huitwa dada, na watoto wa wadogo zangu huniita bibi, kwa kuwa ndiye niliyewalea wazazi wao. Nikainuka kusogea kwenye dirisha, maana joto lilikuwa linapanda, na hapo nikahisi damu inashuka kwa nguvu. Hedhi ilikuwa imenipotea miezi kadhaa, sikuwa nimejiandaa. Sketi yangu ilikuwa ya rangi ya maziwa. Nilisimama vile vile, sikuweza kukaa wala kutembea.

Yule mama aliinuka. Alifungua kitenge kiunoni mwake, akabaki na gauni lake, akanizungushia na kukaza fundo ubavuni. Alifuta benchi kwa leso yake. Kisha akaketi akatazama mbele, kama watu wanaopepeta.

"Inakujaga hivyo," akasema taratibu. "Inapotea, inarudi kwa hasira, inapotea. Na moto juu. Mimi nilidhani nimerogwa. Ila hii ni nyingi, umwambie daktari, usione haya."

"Na moyo kukimbia?"

"Na moyo pia. Ulikuwa hujaambiwa?"

"Hapana."

Hakuuliza kwa nini. Nikamwuliza nitamrudishiaje kitenge chake.

"Huyu akijifungua utakuja kumwona mtoto. Uliza nyumba yenye punda wawili, nyuma ya mashine ya kusaga. Ukija na kitenge, mtoto tutamfunika nacho."

Nikasema nitakuja. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimeshagawa kila kitu.

Daktari alikuwa mwanamke, umri wa kitinda mimba wetu, akaniamkia. Alipima presha, akanitoa damu, akatazama kizazi kwa kipimo cha picha. Halafu akaniuliza mambo ambayo sijawahi kuulizwa na mtu: nalala na nani, nakula nini, napura saa ngapi, chai nainywa ya moto kiasi gani. Akauliza mama yangu alikoma hedhi akiwa na umri gani.

"Hakufika huko."

"Kuna mwingine kwenu wa kumwuliza?"

"Kwetu mimi ndiye naulizwa."

Nikamweleza na miezi ya mwisho ya mama. Daktari akaniambia ugonjwa wa mama yeye hawezi kuujua leo, lakini haya yangu si ya kufa. Mimi nimefika umri wa kukoma hedhi, na damu yangu imepungua kwa kumwagika. Akasema vidonge vya homoni vipo, ila presha yangu iko juu, kwa hiyo tuanze na presha, dawa ya kupunguza kumwagika na ya kuongeza damu, halafu nirudi tuangalie. Kupura nihamishie asubuhi mapema. Mgonjwa mwingine angempangia tofauti, alisema, lakini mpango huu ni wa kwangu.

Nilipotoka, yule mama na mkwewe walikuwa wameshaitwa kwa mkunga, na benchi lilikuwa na watu wengine.

Nimesharudi kwa daktari mara kadhaa. Naendelea vizuri. Msimu wa kulima ulipofika nilikwenda kuazima plau yangu mwenyewe, mdogo wangu akaniuliza mchumba ameishia wapi. Nikasema ameahirisha.

Kitenge nimekifua, kimetakata, isipokuwa doa dogo karibu na pindo ambalo nalijua mimi tu. Kwanza nilisema nimalize kuvuna. Halafu nikaona haya kwa sababu ya doa. Sasa naogopa kwamba nitafika kwenye nyumba yenye punda wawili na yule mama aniulize mimi ni nani. Maadamu sijaenda, bado kuna mahali nasubiriwa.

Mtoto atakuwa anakaa mwenyewe sasa, labda anatambaa. Kitenge kimekunjwa juu ya sanduku, na bado si changu.