Uzi Mwekundu wa Bibi Phally

Huku Kampong Chhnang, Kambodia, chungu hakizungushwi. Mfinyanzi ndiye anayekizunguka. Bibi Phally amezunguka vyungu tangu usichana wake, na miaka yote niliyofundisha hapa nimekula wali wake kama mtoto wa nyumbani. Kazi yangu ya ualimu ilipokwisha nilikwenda kumshukuru na kumuaga. Nikamwomba anifunge mkononi uzi mwekundu, ule wanaofungwa wasafiri ili roho zao zisipotee njiani.

“Sifungi,” alisema, miguu ikiendelea kuzunguka. “Nenda pagodani, watawa wamejaa tele hawana kazi.”

“Nataka wako, Bibi.”

“Wangu una faida gani? Nilimfunga mwanangu Sothea alipokwenda kuvua samaki Uthai. Nilikaza fundo mpaka akalia, ‘Mama, utanikata mkono!’ Haya, yuko wapi?”

Nilipiga magoti kwenye udongo, nikakutanisha viganja, nikamsujudia mara tatu.

Hapo alisimama.

“Nani kakufundisha hivyo? Hivyo huagwa mama mzazi.”

“Najua, Mama.”

“Sothea naye aliniaga hivyohivyo.” Akakipiga ngumi chungu kibichi, kikabomoka, akaukanda udongo upya. “Nenda, mwanangu. Ule vizuri njiani. Na usiniambie utarudi.”

Maneno hayo ndiyo niliyokuwa nayo mdomoni. Nikayameza, nikaondoka na mkono mtupu, huku nyuma yangu nyayo zake zikianza tena kuzunguka.