Siku Niliyotangaza Miwani Matangani

Nianze kwa kukubali tu, maana hata nisipokubali wenzangu wa hapa Lumakanda watawaambia: mimi ndiye yule baba aliyelala kifudifudi kwenye tope mbele ya lango la shule, na suti na tai, huku kata nzima ikimwangalia, na walionicheka walikuwa na haki yao, ila kicheko sicho kinachoninyima raha mpaka leo.

Mimi ni mwakilishi wa wazazi katika shule yetu ya umma (cheo kisicho na mshahara wala kiti, lakini nilikipenda kuliko nilivyokuwa tayari kusema), na kazi yangu kubwa ni kuwafikishia wazazi habari: mkutano ni lini, kuna nafasi gani, nani anakuja. Ijumaa moja mwalimu mkuu akaniita, akaniambia Jumanne watakuja wataalamu wa macho, watawapima watoto na kuwapa miwani papo hapo, bure, lakini miwani yenyewe si mingi, kwa hivyo waje tu wale watoto ambao walimu wameona hawasomi ubaoni, kila mmoja na mzazi wake.

"Tafadhali, Baba Faith, wapitie nyumbani kwao," akasema. "Usitangaze."

Nyumba zenyewe hazikuwa nyingi, kwa baiskeli ningezimaliza kabla ya giza. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na barabara zetu zikinyeshewa mnazijua, na kesho yake kulikuwa na mazishi ya mzee mmoja jirani ambayo hakuna mtu angeyakosa. Nikajiambia, ya nini kujichosha, nitawavuta kando mmoja mmoja pale matangani. Uamuzi wenyewe ulikuwa huo tu, na ndio uliozaa mengine yote.

Sasa mnajua mazishi ya kwetu. Kila mwenye cheo lazima aitwe asalimie watu, hata kama cheo chenyewe ni cha kupanga viti. Mwanasiasa alikuwa ametangulia, ameahidi daraja (lile lile la kila mazishi), amepigiwa makofi, na mara nikasikia mwendesha shughuli akiita, "Mwakilishi wa wazazi, hebu kuja usalimie waombolezaji." Nikapewa kipaza sauti. Jamani, kile kitu kina pepo. Nikasema Bwana asifiwe, nikatoa pole kwa familia, na hapo ningekaa, lakini nikasikia mdomo wangu unatangaza kwamba Jumanne kuna miwani ya bure shuleni. Kimya. Hata wa kukohoa hakuna, na yule mwanasiasa ananitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonimaliza. Nikaongeza, "Na si watoto wa shule yetu peke yao, watoto wote!" Makofi machache. "Na nyanya zetu, akina kukhu wenye macho mabaya, waje pia!" Vigelegele. "Na chakula kitakuwako!" Hapo hata wachimba kaburi walipiga makofi, nami nikarudi kuketi nimevimba kichwa, nikiona kumbe uongozi si kazi ngumu.

Aliyenifuata baadaye ni Nafula, mkazamwana wa marehemu, mikono imejaa masizi ya sufuria za waombolezaji. Binti yake Brenda ndiye aliyekuwa wa kwanza kutajwa na walimu. Mtoto ana akili, ila ubao kwake ni ukuta mweusi tu, ananakili kwa jirani yake mpaka makosa ya jirani, na kumpeleka hospitali ya mbali Nafula alikuwa ameshindwa kabisa.

"Shemeji," akaniambia, "hiyo Jumanne ndiyo siku yetu ya kunyolewa. Mimi na watoto hatuwezi toka kabla wazee wamalize. Si mtatuacha?"

(Baada ya mazishi ukoo hukutana kunyolewa nywele, na mkazamwana akiondoka mapema siku hiyo, atasemwa mpaka azeeke.)

"Wewe kuja tu saa yenye utamaliza," nikamjibu, kipaza sauti bado kikinguruma kichwani. "Mimi ndiye niko na hiyo mambo. Nimekuwekea nafasi."

Akanishukuru, masikini, kwa mikono miwili.

Jumanne foleni ilianzia langoni ikaishia ndani ya mahindi ya watu. Kulikuwa na wazee walioletwa kwa wilbaro, akina mama waliobeba sahani na vijiko vyao kabisa, na babu mmoja aliyetaka kung'olewa jino kwa sababu aliambiwa kuna daktari. Githeri ya watoto wa chekechea ililiwa yote kabla ya saa ya chakula, wenyewe wakabaki wakilia na vikombe mikononi. Mwalimu mkuu akanisogelea taratibu (heri angenigombeza).

"Baba Faith, hawa ni akina nani?"

"Ni jamii, mwalimu," nikasema.

Kufika adhuhuri, uvumi ukapita kwamba miwani inaisha. Watu wakasukumana, meza ikapinduka, bango la herufi likakanyagwa, na mzee mmoja akaonekana amejibana miwani ya mtoto ya rangi ya waridi, anakataa kuivua. Wale wataalamu waliogopa. Wakakusanya vilivyobaki, wakaingia kwenye gari lao.

Ndipo nikamwona Nafula anakuja mbio, kichwa kimenyolewa kinang'aa, amemshika Brenda mkono, sare ya mtoto imefuliwa na kunyooshwa. Na gari linatoka. Nikalikimbilia nikipiga kelele, "Simameni! Kuna mmoja! Kuna wangu mmoja!" Kiatu kikabaki kwenye tope, nikaendelea bila hicho kiatu, halafu nikaenda chini mzima mzima. Umati ukaangua kicheko, na mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Mheshimiwa, salimia watu!"

Wote walinijua pale chini isipokuwa Brenda. Alikuwa karibu nami, amekaza macho mpaka uso umejikunja, akauliza, "Mama, ni nani huyo ameanguka?"

Nafula hakuninyanyua. "Ni yule alituwekea nafasi," akasema, wakageuka wakaenda zao.

Niliumia, na naumia bado. Wataalamu hawajarudi, na shule ikiulizia inaambiwa isubiri, na Brenda anaendelea kunakili kwa jirani. Mimi nimeapa kipaza sauti sitakishika tena. Nikiitwa matangani nasimama, napunga mkono, naketi. Habari za shule nazipeleka mlangoni kwa kila mzazi, iwe mvua, iwe jua. Mwezi uliopita kulipotokea nafasi za watoto kufundishwa kompyuta wakati wa likizo, nilianzia kwa Nafula. Alinitolea kiti, akanisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote, kama mtu anavyomsikiliza mgeni, kisha akasimama.

"Asante, shemeji," akasema. "Lakini wacha kwanza niende nimuulize mwalimu mwenyewe."