Viti vya Kuazima

Watu hunishangaa nikisema sijasamehe. Wananisubiri niongeze neno, niseme lakini moyo umetulia, au nimemwachia Mungu. Sijamwachia Mungu. Mungu ana kazi nyingi, na hii niliifanya mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na daftari la ofisi mkononi.

Tulikuwa tunaishi Chanji, mtaa wa mjini kwetu Ufipa, mama na mimi, kwenye nyumba za shirika. Vilikuwa vyumba kumi na viwili vya tofali za kuchoma, vimejipanga mstari mmoja, bati juu, bomba moja la maji uani. Shirika lilivijenga kwa ajili ya watu wasio na uwezo: wajane, vibarua, wagonjwa wasio na ndugu mjini. Kodi ilikuwa ndogo, na mbali ya chumba walitupa blanketi za msimu wa baridi, mbegu za bustani na mtu wa kuja kutujulia hali. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Baba alikuwa kibarua kwenye ghala la ushirika. Wafanyabiashara walipoanza kuyafuata mahindi hukohuko vijijini, ghala likabaki tupu, baba akapunguzwa kazi, na mwaka uliofuata akafa. Mjini kila mwenye nyumba alikuwa anatoa wapangaji ili chumba kiwe stoo ya magunia au duka la mitumba. Kijijini nako shemeji zake mama walishagawana shamba. Tungetoka kwenye kile chumba tusingekuwa na pa kwenda, na mama alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Kila baada ya miaka miwili bwana wa shirika alipita chumba hadi chumba kuangalia kama bado unastahili. Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa ametoka mbali, alizungumza Kiswahili safi na hakujua Kifipa hata cha kuombea maji.

Nyuma ya nyumba zetu aliishi mwanamke mmoja kwenye nyumba yake mwenyewe. Mumewe alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu kutoka ziwani, kule bondeni, na yeye alikuwa mpishi wa chai pale ofisini kwa shirika. Mama alimwita dada. Walikuwa wakichambua mboga pamoja, wakisukana nywele, wakicheka mpaka nakereka. Mpishi wa chai anaingia na birika, anatoka na birika, na katikati anasikia kila kitu. Yeye ndiye aliyejua kuliko wote yule bwana anatafuta nini akiingia chumbani kwa mtu.

Wiki ya ukaguzi alikuja kwetu akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

“Dada, huyo bwana utampokelea kwenye mkeka?”

“Sasa nitampokelea wapi, na mimi ndiyo nilicho nacho?” mama akasema.

“Atakuona mchafu. Wale wanataka mpangaji anayejua kutunza nyumba. Ngoja nikuletee vitu.”

Akavileta. Viti viwili vyenye mito. Meza ndogo na kitambaa cha kufuma. Chupa ya chai yenye maua. Redio ya mumewe. Mwisho akaja anakokota baiskeli, akaiegemeza ukutani karibu na mlango, mahali ambapo mtu hawezi kuingia bila kuiona.

Anayetaka kumlaumu mama aje kwanza akae Ufipa. Kwetu mgeni haonyeshwi shida. Mgeni akija unaazima unga, unaazima sahani, godoro lililotoboka unaligeuza upande mzima, na kuku wako wa pekee anaingia chunguni. Kumwonyesha mgeni umaskini wako ni kama kumwomba kabla hajakaa, na kwa mama hiyo ilikuwa aibu kubwa kuliko njaa. Yule mwanamke alilijua hilo kwa sababu alikuwa Mfipa kama sisi. Aliichukua adabu ya mama akaifanya mtego.

Bwana akaja. Mama akachuchumaa, akapiga makofi yale ya taratibu ya kumsalimia mtu unayemheshimu, akamkaribisha kwenye kiti. Redio ilikuwa inaimba. Bwana akala mapaja mawili ya kuku, akasifu chai, akatazama huku na huku, akaandika. Kisha akauliza kwa upole, “Mama, ile baiskeli ni ya nani?”

Niliuona uso wa mama. Ilimpasa amwambie mgeni, na mfupa wa kuku ungali mkononi mwa mgeni, kwamba hata kiti alichokikalia si chetu.

“Ni ya hapahapa, baba,” akasema.

Bwana akaandika tena. Sina neno kubwa naye. Alikuwa mjinga aliyeshiba, basi.

Jioni mama alinituma kurudisha chupa ya chai. Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Mlango wa yule mwanamke ulikuwa wazi, na ndani alikuwa na mdogo wake wa kike, aliyekuwa amekuja kutoka kijijini kutafuta chumba mjini. Nilimsikia kabla sijabisha.

“Wewe tulia. Chumba umepata. Nimempambia mpaka baiskeli.”

Wakacheka. Niliiweka chupa kizingitini nikakimbia kumwambia mama, na mama akanizaba kofi. Alisema nina mdomo mchafu, mtu ametuazima vitu vyake vyote halafu namsingizia. Kesho yake nikatoroka shule nikaenda ofisini kwa shirika nimwambie bwana mwenyewe. Pale mlangoni nilimkuta nani? Yeye, na birika lake.

“Watoto hawaingii hapa,” akasema. Kisha akainama akaninong’oneza, akitabasamu kwa ajili ya waliokuwa wakipita, “Na ukirudi tena, mama yako nitamwambia ulikuja kuiba.”

Barua ilikuja kabla mwezi haujaisha. Shirika lilifurahi kuona hali ya familia yetu imekuwa nzuri, na liliomba chumba apewe mwenye shida zaidi. Nilimsomea mama mara mbili. Mara ya kwanza hakuelewa. Mara ya pili alikaa chini sakafuni, akauliza kama kuna mahali pa kuweka dole gumba ili wabadili.

Tukahamia Katandala, mtaa mwingine wa mjini, kwenye chumba cha nyuma cha mfanyabiashara wa mahindi. Alitukubali kwa sharti kwamba magunia yake yabaki. Tulilala katikati ya magunia miaka mitatu, na kila yalipowekwa dawa ya wadudu tulilala na dawa. Kifua cha mama kiliharibika hapo. Mpaka leo anakohoa, akiinama kuwasha moto lazima akae kwanza. Mdogo wake yule mwanamke alikaa chumbani kwetu mwaka mmoja na nusu, akaolewa, akaondoka. Kumbe alikihitaji kwa muda tu.

Na mama aliendelea kumsalimia. Sokoni wakikutana alimchuchumalia, akamuuliza habari za nyumbani. Mimi nilisimama pembeni nimeshika kikapu na kumwangalia yule mwanamke shingoni, palepale mshipa unapopigia. Nilikuwa najua nitakuja kuwa mtu mkubwa. Nilikuwa sijui tu nitamfanya nini.

Nilijifunza kupiga taipu kwa masista, na nilipofika miaka ishirini na moja shirika lilitangaza nafasi ya mtembeleaji wa wapangaji. Yule bwana alishahama. Nikapata kazi. Mama alilia kwa furaha, na mimi nikaanza kupitia majalada ya waombaji, moja moja, kila mwezi. Sikuwa na haraka.

Mwaka wa tatu nikalikuta jina la yule mwanamke. Mumewe alikuwa ameuza nyumba akaenda Mbeya na mwanamke mwingine. Ofisi ilishaacha kupika chai, kila mtu alikuja na yake. Yeye alikuwa anajibanza jikoni kwa mtu, kulekule Katandala.

Nilivaa viatu vyangu vizuri kumwendea. Aliponiona alinitambua mara moja, akarudi nyuma hatua moja, nikafurahi. Sitadanganya hapo, nilifurahi sana. Hapakuonekana kitu cha thamani. Alikuwa mpishi wa ofisi ile, alijua namna ya kupokea mkaguzi. Nikasema lazima ameficha vitu kwa mtu. Nilichungulia nyuma ya kuni, nikafunua mtungi, nikawauliza majirani. Nilitaka nipate hata redio mbovu. Palikuwa na sufuria moja, kanga mbili na gunia alilojifunika. Nilirudi ofisini nimekasirika.

Siku nzima fomu ilikaa mbele yangu. Neno “hastahili” lilikuwa tayari kwenye kalamu. Halafu nikafikiri: nikimkatalia, atapotea. Atarudi kijijini kwao, atakaa na wenzake, atanisahau, na mimi nitabaki na nini? Nikaandika “anastahili”. Mkuu wangu alinisifu kwa moyo wangu wa huruma, maana mji ni mdogo na alishasikia kwamba chumba chetu kilichukuliwa na mdogo wake.

Nikampa chumba Chanji. Kanuni inamtaka mtembeleaji aende kila baada ya miezi mitatu. Kwake nilikwenda kila mwezi. Sikuwahi kumtukana. Nilisema “shikamoo mama” vizuri, kama nilivyolelewa, nikakaa, nikafungua daftari, nikaanza. Sufuria hii ya pili umeitoa wapi? Kanga mpya amekupa nani? Huyu kuku ni wako? Una hakika? Nani mwingine anaweza kuthibitisha kwamba ni wako? Akinikaribisha chai nilikataa. Akisimama kunisindikiza nilimwambia abaki. Kila nilipotoka hakujua kama nimeandika anastahili au hastahili, na nilihakikisha hajui.

Mama alipata habari kwamba dada yake yupo Chanji. Alinipa unga wa ulezi nimpelekee, mara mbili, umefungwa vizuri kwenye kitambaa safi. Nilisema nimefikisha. Unga ule nilipika uji nikaunywa mwenyewe, ofisini, na ulikuwa mtamu.

Ulipita mwaka na zaidi. Siku moja ya baridi, upepo ule wa Julai unaovuma mpaka bati linalia, nilimkuta ameketi mlangoni kana kwamba alikuwa ananingoja. Alikuwa amekonda. Hakunikaribisha ndani.

“Mwanangu,” akasema, “nikuulize kitu. Mama yako anajua?”

“Anajua nini?”

“Unavyonifanya.”

Nikamwambia mama anajua kwamba nilimpa chumba, na kwamba anamwombea kila Jumapili. Hilo lilikuwa kweli. Aliinamisha kichwa, nikafikiri ameanza kulia, nikavuta subira nione.

Hakulia. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa na miaka kumi na mbili.

“Mimi mama yako nilimfukuza siku moja,” akasema. “Wewe mimi unanifukuza kila mwezi.”

“Ndiyo, mama,” nikamjibu.

Nikafungua daftari nikaandika tarehe. Mwezi uliofuata nilikwenda tena.